Ramani ya Miguu, Ramani ya Fundi

Ukisimama Mwanjelwa, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapobanwa na bajaji, mitumba na magunia ya mchele wa Kyela, kisha ukainua macho kuelekea kaskazini, mlima Loleza unaonekana kama ukuta uliowekwa kuukinga mji na upepo. Wenyeji tumeuzoea hivyo. Mwanajiolojia huutazama ukuta uleule kwa jicho jingine: kwake safu ya milima ya Mbeya ni ukingo wa ardhi uliopanda huku bonde la jirani likishuka, na ndani ya bonde hilo ndimo tulimojenga jiji. Hapa ndipo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanapokutana: la Rukwa likija kutoka kaskazini-magharibi, la Nyasa kutoka kusini-mashariki, na la Usangu likinyooka kuelekea kaskazini-mashariki. Juu ya makutano hayo zimekaa volkeno za Rungwe, Ngozi na Kyejo.

Kutoka hapa hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na msomaji ana haki ya kuuliza ramani za tsunami zinamhusu nini mtu wa Mwanjelwa. Jibu langu ni kwamba watu wa pwani, huku na ng'ambo, wametutangulia katika kazi ya kuichora hatari ya ardhi, na ukiweka kazi yao kando ya mahitaji yetu unagundua kwamba kuna ramani za aina mbili zinazofanana kwa rangi lakini kila moja inasema na mtu wake. Ramani ya tsunami ni ramani ya miguu: inamwelekeza mtu pa kukimbilia. Ramani ya tetemeko ni ramani ya fundi: inamwelekeza anayejenga aweke nini ukutani, miaka mingi kabla ya siku yenyewe. Ya kwanza hukaa katika mazoea ya watu. Ya pili hukaa katika nondo na zege, na mwenye nyumba anaweza asijue kabisa kwamba anaishi ndani yake.

Nianze na miguu. Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa 10 alfajiri kwa saa zetu, sakafu ya bahari ilipasuka mbele ya Sumatra kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1. Kaskazini mwa kisiwa hicho maji yalipanda baada ya dakika chache tu. Pwani ya Afrika Mashariki yalifika baada ya saa saba, nane hivi, mchana wa siku iliyofuata Krismasi, fukwe zikiwa zimejaa watu. Somalia walikufa karibu watu 300, wengi wao upande wa Hafun. Tanzania karibu 10. Kenya mmoja, kwa kuwa huko mamlaka ziliwahi kuwaondoa watu ufukweni. Bandarini Salalah, Oman, mikondo ilikata kamba za meli ya makontena yenye urefu wa mita 285 na kuizungusha. Saa saba ni muda wa mtu kupanda basi alfajiri hapa Mwanjelwa na akawa amekwisha kula chakula cha mchana Iringa. Katika muda wote huo taarifa ilikuwepo duniani. Aliyekosekana ni mtu mwenye jukumu la kuipokea na kuifikisha kwenye mchanga ambako watoto walikuwa wakiogelea. Mwaka 2005 UNESCO iliratibu mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, na tangu 2011 Australia, India na Indonesia ndizo zinazotoa taarifa kwa nchi nyingine. Kwetu taarifa hizo huingia kupitia Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Siku hiyohiyo kisiwa cha Simeulue, kilicho jirani kabisa na kitovu, kilikuwa na tahadhari isiyotegemea mashine yoyote. Mwaka 1907 maji yaliwahi kuua watu wengi kisiwani humo, na waliosalia wakaliweka tukio lile ndani ya neno moja, smong. Neno likaingia kwenye hadithi za jioni na nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, pandeni mlimani, msingoje. Mwaka 2004, miaka 97 baadaye, kisiwa kilikuwa na watu kama 78,000. Walikufa saba. Sijui ramani iliyochapishwa inayoweza kujivunia hesabu kama hiyo, na sioni sababu ya kuliita neno lile kitu pungufu ya ramani. Lina alama ya hatari, lina mwelekeo, lina kipimo cha muda. Kinachokosekana ni karatasi tu.

Wajapani, ambao wametupa hata jina la jambo lenyewe, maana tsunami ni wimbi la bandarini, waliandika kwenye jiwe. Kijijini Aneyoshi, mkoa wa Iwate, baada ya tsunami ya 1933 wakazi walisimamisha jiwe mlimani lenye agizo kwamba nyumba zisijengwe chini ya hapo. Katika tsunami ya 2011 maji yalipanda bondeni yakakoma chini kidogo ya jiwe, na nyumba zote zilikuwa juu yake. Tofauti na Simeulue ni ya kufikirisha. Neno la Simeulue linamwachia mtu ajenge ufukweni, avue, alale karibu na maji, mradi ajue kukimbia. Jiwe la Aneyoshi linakata shauri mapema: linamhamisha mtu kabla ya bahari kusema lolote, na kila asubuhi mvuvi analipa gharama ya kushuka mteremko kwenda kazini. Neno linataka kurithishwa kila kizazi, la sivyo linakufa. Jiwe linaweza kudumu bila msemaji, lakini halijui kusogea hali inapobadilika.

Na Japani hiyohiyo, yenye ramani za hatari zilizochorwa kwa ustadi kuliko karibu nchi zote, ndiyo iliyotufundisha kasoro ya mstari. Katika mji wa Kamaishi mwaka 2011, wengi waliokufa walikuwa wakiishi nje ya eneo ambalo ramani ilisema lingefikiwa na maji. Mstari uliokusudiwa kuonya ukawa kibali cha kutulia. Shule mbili za mtaa wa Unosumai nazo zilikuwa nje ya mstari. Hata hivyo wanafunzi wake wakubwa walikimbia, wakawashika mikono wadogo, wakafika mahali palipoteuliwa, wakaona hapatoshi, wakapanda zaidi. Mwalimu wao wa masuala ya maafa, Katada Toshitaka wa Chuo Kikuu cha Gunma, alikuwa amewafundisha wasiyaamini makadirio. Katika habari zote nilizosoma za mwaka ule, hiyo ndiyo ninayoirudia mara nyingi: mtaalamu wa kuchora hatari akiwaambia watoto kwamba mchoro una mwisho wake na miguu isiwe na mwisho.

Pwani yetu nayo ina kumbukumbu, ila imehifadhiwa mchangani. Mwaka 2020 Vittorio Maselli na wenzake, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya uchimbaji wao Pangani: tabaka la mchanga wa bahari lenye umri wa takriban miaka 1,000, likiwa limefunika makazi ya Waswahili wa zamani, na ndani yake mabaki ya watu. Hesabu zao zilielekeza upande wa Sumatra, kulekule kulikotoka maji ya 2004. Miaka 97 neno liliweza kuivuka. Miaka 1,000 ilihitaji mchanga na macho ya wanaakiolojia. Huko Oman, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili hadi leo, hali iko katikati ya hizo mbili. Tarehe 28 Novemba 1945 tetemeko la ukubwa wa 8.1 lilitokea Makran, ng'ambo ya bahari yao, na wimbi lake likafika kwao. Watafiti wamelikuta tabaka lake la makombe kwenye hori ya Sur, huku waliolishuhudia wakiwa bado na wana na wajukuu wa kuwasimulia. Mchanga na kumbukumbu vinasahihishana. Tena Oman haina anasa ya saa saba; Makran iko mlangoni. Wanahitaji neno la Simeulue na kituo cha tahadhari cha Muscat kwa pamoja.

Sasa turudi milimani, ambako kipimo cha muda kinabadilika kabisa.

Mawimbi ya tetemeko yanayobomoa nyumba husafiri takriban kilomita tatu na nusu kwa sekunde. Mpasuko ulio kilomita 20 kutoka sokoni utatupa sekunde sita. Hakuna neno, jiwe wala king'ora kinachoweza kumtoa mama ntilie na wateja wake chini ya dari ndani ya sekunde sita. Mji unaofanana na wetu zaidi katika jambo hili uko mbali sana, nao ni Mexico City: mji wa juu, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, uliojengwa bondeni kati ya volkeno. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini, na bado maelfu ya watu wa mjini walikufa. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya tope la ziwa la kale la Texcoco. Tope lile lilipokea mtikisiko wa mbali likaukuza, na kwa kuwa lilikuwa likiyumba polepole, kwa mapigo ya kama sekunde mbili, majengo ya kati ya ghorofa 6 na 15 yaliyoyumba kwa kasi ileile ndiyo yaliyoumia zaidi. Nyumba nyingi fupi za jirani zilibaki zimesimama.

Watu wa Mexico wamejibu kwa ramani zote mbili. Ya fundi imeugawa mji katika kanda tatu, vilima, mpito na ziwa, na sheria ya ujenzi inadai mengine kwa kila kanda. Ya miguu ni mfumo wa ving'ora ulioanza mwaka 1991, unaofanya kazi kwa sababu vihisio viko pwani na taarifa ya redio huutangulia mtikisiko kwa makumi ya sekunde. Lakini tarehe 19 Septemba 2017, saa mbili tu baada ya zoezi la kila mwaka la kumbukumbu, tetemeko la 7.1 lilitokea karibu zaidi, na king'ora kikalia wakati ardhi inaanza kutikisika. Siku ile Mexico City ilionja hali yetu. Sisi tetemeko letu la kuhofiwa haliji kutoka pwani yoyote. Liko chini ya kitanda.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kwa kutupa maneno mawili ambayo wasomaji wa magazeti huyachanganya: ukubwa na ukali. Ukubwa wa tetemeko ni mmoja, nao ni wa tukio lenyewe. Ukali ni mwingi, nao ni wa mahali: kwako glasi zimegongana, kwa jirani ukuta umelala. Iringa imejengwa juu ya miamba migumu ya kale. Jiwe la Gangilonga, ambalo Wahehe walilipa jina la jiwe linenalo, ni ncha tu ya sakafu hiyo. Bonde la Mbeya lina majivu ya volkeno na mashapo yaliyoshushwa na vijito kutoka mlimani. Mtikisiko mmoja ukiipitia miji hii miwili utasomeka kwa lahaja mbili. Ramani ya taifa inayopaka rangi moja kutoka Makambako hadi Tunduma ni ya kweli katika kipimo chake, lakini fundi wa Mwanjelwa hawezi kujenga kwa kipimo hicho. Yeye anataka kujua kiwanja hiki, chini ya msingi huu, kina nini.

Nyanda za Juu nazo zina hifadhi yake ya kumbukumbu, imetawanyika tu. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko linalokadiriwa kufikia 7.4 liliitikisa Rukwa. Ndilo linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki katika karne ya 20. Nicholas Ambraseys, Mgiriki aliyefundisha Imperial College, London, alilichambua upya mwaka 1991 kwa kulinganisha alama za vipimo vya zamani na maelezo yaliyoandikwa wakati ule. Baadaye wanajiolojia waliutembelea mpasuko wa Kanda, karibu na Sumbawanga, ambao ngazi yake ardhini bado inaonekana, na wengine wameuhusisha na siku ile. Na upande wa Rungwe, mlipuko wa mwisho wa volkeno unaofahamika, ule wa Kyejo karibu mwaka 1800, umeingia katika vitabu vya sayansi kwa sababu wazee wa Kinyakyusa waliusimulia. Hapakuwa na kipimo, hapakuwa na mwandishi. Simulizi likavuka vizazi, likakuta lava inayolithibitisha. Tofauti na smong, simulizi la Kyejo halikuwa na agizo ndani yake. Lilihifadhi lililotokea bila kusema la kufanya. Hilo ni jambo la kawaida katika kumbukumbu za nchi kavu, na nadhani ni la haki, maana tetemeko la chini ya kitanda lina agizo gani kwa miguu?

Agizo lilikuwa mahali pengine. Wageni waliofika Unyakyusa katika karne ya 19 walizistaajabia nyumba za mianzi, safi, nyepesi, zilizosukwa na kukandikwa. Sidai kwamba zilibuniwa kwa ajili ya matetemeko. Mianzi ilikuwepo, ikatumika. Lakini nyumba nyepesi inayojipinda humsamehe aliyemo. Ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa tope, bila nguzo, husimama vizuri miaka 40 chini ya mvua za Mbeya na kuanguka kwa sekunde 10 ukisukumwa kutoka ubavuni. Bukoba ilituonyesha tarehe 10 Septemba 2016: tetemeko la 5.9, ambalo Tokyo lingekuwa habari ya nusu siku, liliua watu 17 na kubomoa mamia ya nyumba. Tulipoacha mianzi tukaenda kwenye tofali tulipata heshima, uimara dhidi ya moto na mchwa, na bati lisilovuja. Tulichoacha njiani ni unyumbufu, na hatukukirudisha kwa nondo.

Karibu nasi zaidi kuliko Bukoba, ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu ambako wafanyabiashara wa Mwanjelwa huenda na kurudi, kuna Karonga. Desemba 2009, katika muda wa wiki mbili, ardhi ya Karonga ilipigwa na mfululizo wa matetemeko, makubwa yake yakifikia 5.8, 5.9 na 6.0. Watu wanne walikufa na maelfu walilala nje. Kilichowashangaza wataalamu ni mahali. Jicho la kila mtu lilikuwa kwenye mpasuko mkuu wa mashariki, ule unaosimamisha milima ya Livingstone juu ya ziwa. Ardhi ikapasukia magharibi, kwenye ufa ambao haukuwa ukitiliwa maanani. Ni kasoro ya Kamaishi kwa sura nyingine: kule maji yalivuka mstari uliochorwa, huku mstari wenyewe haukuwa umechorwa. Malawi imejibu kwa utulivu unaostahili kuigwa. Wanasayansi wake na wenzao wa vyuo vya Uingereza wamechapisha orodha ya mipasuko hai ya nchi nzima, na serikali ikatoa mwongozo wa kujenga nyumba salama unaozungumza na fundi wa kijijini kuhusu vitu anavyovishika: msingi, kona, umbali wa dirisha kutoka kwenye kona, na mkanda.

Mkanda huo mafundi wetu wanaujua kwa nusu. Wanauita lenta, na wengi huimwaga juu ya mlango na dirisha ili tofali za juu zisishuke. Ikiachwa hapo ni kizingiti tu. Ikizungushwa nyumba nzima bila kukatika, nondo zikiungana kwenye kila kona, inazifunga kuta nne ziyumbe kama kitu kimoja. Gharama inayoongezeka ni ya nondo chache na mifuko kadhaa ya saruji. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000 katika Jiji la Mbeya, na mji bado unapanda kwenye miteremko. Kila lenta inayokatwa njiani leo ni mstari uliofutwa kwenye ramani ya fundi.

Jinsi ya kuichora ramani hiyo tumekwisha kuonyeshwa na pwani yetu wenyewe. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa ya Dar es Salaam kutembea na simu mkononi, wakiandika mifereji, nyumba na alama za maji ya mafuriko ukutani. Walichora hatari ya mji kutoka chini kwenda juu. Mwanjelwa ingeuliza maswali mengine: kuta za nini, ghorofa ngapi, udongo uliotoka shimoni wakati wa kuchimba msingi ulikuwa wa rangi gani, ulifika mwamba au hukufika. Kila fundi ana majibu ya viwanja mia kichwani. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006, na watu wake wanajua kwa undani njia ipi ilizibwa na ipi ilipitika. Ujuzi wa namna hiyo upo, unasubiri kuulizwa. Dar es Salaam kwa upande wake inaanza kuihitaji ramani yetu: usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la karibu 6.0 lilitokea baharini upande wa Mafia, na watu wakashuka mbio kwenye ngazi za maghorofa. Mji wenye ramani ya miguu ukajikuta unauliza habari za kuta zake.

Kuna mahali pamoja ambapo ramani hizi mbili haziwezi kuachana. Panda Coaster pale Kabwe, shuka nayo Uyole, Isyonje, Kiwira, Tukuyu. Kwenye kingo za barabara iliyokatwa utaona matabaka ya mawe meupe mepesi yenye vitundu, yaliyorushwa na Rungwe maelfu ya miaka iliyopita, na juu yake udongo mweusi wa migomba na chai. Ukifika Kyela, endelea hadi Matema. Mbele yako kuna Ziwa Nyasa, lenye kina cha takriban mita 700. Nyuma yako milima ya Livingstone imesimama wima, ukingo wa mpasuko ule mkuu. Maziwa nayo huinuka: mwaka 563 poromoko la mlima liliinua wimbi katika ziwa la Geneva likafagia vijiji. Matema ikipigwa, mtikisiko na king'ora vitakuwa kitu kimoja, kama Simeulue, na maji yatafuata kwa dakika. Ukuta lazima kwanza umwachie mtu uhai, ndipo miguu ifanye kazi yake. Nilipokuwa pale nilitembea kutoka majini kuelekea mlimani nikihesabu njia za kupandia ambazo bibi mwenye mjukuu mgongoni angeweza kuzitumia. Nilipata mbili, na moja ilikuwa imezibwa na ukuta mpya wa matofali ya kuchoma.